Samaki Mweusi Aliyeota Nyota

Habari ya samaki wanaougua nilielezwa kwanza na Tusekile, huyu dada yetu wa kwaya anayeuza samaki wa mapambo kule Mwanjelwa. Mambo ya samaki ni yake. Mwanamke nitakayemsimulia nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msimtafute kati yetu.

Mwanamke huyo, mume wake alikuwa anafanya kazi mgodini, mbali sana, akirudi nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Safari ya mwisho, kabla hajaondoka, alinunua tangi la kioo. Akatandaza changarawe chini, akajaza maji, akaweka samaki sita: watano wa rangi ya chungwa na mmoja mweusi. Akamwambia mkewe, "Hawa watakuwa wanakutazama mpaka nirudi."

Jamani, mtu akiachiwa neno kama hilo atafanya nini? Yule mama alihamishia kiti chake mbele ya tangi. Alichambulia mchele pale. Alikula chakula chake pale. Baridi ya Juni ilipoanza kuuma, alijifunika shuka la mumewe akaendelea kukaa pale pale, akiwatazama wanaomtazama.

Siku zikapita, samaki wakaanza kupanda juu ya maji, midomo wazi. Akafurahi sana. "Wananisalimia!" akasema, akawaongezea chakula. Kisha wakaanza kujisugua kwenye mawe, wakigeuka ubavu na kumeremeta. Akasema wanacheza. Halafu yule mweusi akatokwa na vidoti vyeupe mwili mzima, vidogo kama punje za chumvi. Mnajua alifanya nini? Alichukua simu, akampiga video, akamtumia mumewe.

"Ona, mume wangu, yule mweusi ameota nyota!"

Mume naye akajirekodi, akamjibu huku akitabasamu: "Wewe... hata samaki... ukiwalea... wanapendeza." Mke akairudia ile video mara kumi.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, alimkuta mmoja wa rangi ya chungwa amelala ubavu juu ya changarawe. Amekufa. Akachukua simu yake, akaenda moja kwa moja kwa muuza samaki.

"Walikuwa wazima kabisa," akamwambia. "Jana tu walikuwa wananisalimia."

"Wanakusalimia vipi, dada?"

"Wanapanda juu, wanafungua midomo."

"Hao wanatafuta hewa. Chakula unachozidisha kinaoza chini, kinaharibu maji. Hawakusalimii, wanakosa pumzi."

"Na kucheza je? Wanajigeuzageuza kwenye mawe."

"Wanawashwa! Wewe ukiwashwa mgongo na mkono haufiki, si unajisugua kwenye mlango? Ndiyo huko kucheza kwenyewe. Una picha yao?"

Yule mama akamwonyesha video ya nyota. Muuza samaki akaitazama, akatazama na tarehe yake, akaguna.

"Wiki tatu, dada. Wiki tatu ugonjwa unakuonyesha sura yake, na wewe unaupiga video."

Akampa dawa, akamwelekeza. Siku mbili asiwape chakula. Atoe robo ya maji, aongeze mengine yaliyokaa kwenye ndoo tangu jana yake, na yasiwe ya baridi, kwa sababu ni baridi iliyowadhoofisha. Dawa aiweke kwenye tangi lote, si kwa yule mwenye vidoti peke yake. Na vidoti vikidondoka asishangilie na kuacha dawa, kwani hapo ugonjwa unakuwa umeshuka kwenye changarawe kuzaliana.

"Na kingine," akasema. "Ukifika, tazama mashavu yao yanavyopanda na kushuka. Tazama mapezi kama yamefunguka au yamebana. Tazama kilichopo, dada, siyo kile unachokitaka."

Yule mama akatoka, akakaa kwenye benchi nje ya duka. Akafungua simu aitazame tena ile video, ajifunze. Kidole kikateleza, zikaja video ambazo mumewe alikuwa akimtumia kila mwezi. Basi, kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza amefundishwa kutazama, akazitazama.

Ile ya Aprili, mumewe alikuwa anatembea huku anaongea. Ile ya Mei amesimama, ameegemea nguzo. Hii ya Juni ameketi, shati limemlegea shingoni kama la kuazima, na kila akisema maneno mawili anapumzika. Na mke alikuwa anadhani sauti inakatika kwa sababu ya kumkumbuka!

Akapiga simu pale pale.

"Mume wangu, unapumuaje?"

Mume akauliza, "Nani amekuambia?"

"Samaki."

Mume akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kirefu. Kilipotulia akasema, "Ulikuwa na furaha sana na samaki wako. Sikutaka kukuharibia."

"Njoo nyumbani," mke akasema. "Njoo unavyoumwa hivyo hivyo."

Alirudi kabla ya mwezi kwisha. Hospitali wakakuta ni kifua kikuu, wakamwanzishia dawa, wakampima na mkewe. Samaki walipona watatu.

Dada zangu, yule mama hakupungukiwa upendo. Hapo ndipo mfano huu unaponichoma mimi. Kama angekuwa hamkumbuki mumewe, pengine angeona mapema. Hamu yake ilikuwa kubwa mpaka kila kitu akakifanya kiwe salamu. Na sisi je? Nani hapa hana mtu wake wa mbali? Mtoto wa bweni, mume wa safari, ndugu aliye Dar. Akitutumia picha tunasema amenawiri. Akicheka tunasema ana raha. Tunapokea kile tunachokihitaji ili tuweze kulala, halafu tunamshukuru Mungu kwa kitu ambacho hatujakitazama.

Mungu naye anatupenda. Anatutamani tumrudie kuliko yule mama alivyomtamani mumewe. Lakini hata siku moja hajauita ugonjwa wetu nyota. Anatuona tulivyokonda, na bado anasema, njoo. Tumuombe atupe walau sehemu ya macho hayo.

Mimi mama yangu yuko Kyela. Kila Jumapili hunipigia simu, na kila Jumapili husema, "Huku tuko salama, mwanangu, labda ninyi." Miaka miwili nimelipokea neno hilo kwa furaha, kwa sababu nina mtoto mdogo na nauli ni shida, na nilitaka liwe kweli. Siku Tusekile aliponieleza habari za samaki, nilirudi nyumbani nikiliwaza neno hilo la mama.

Asubuhi iliyofuata sikupiga simu. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikapanda basi la kwanza kwenda Kyela. Nilimkuta mama ameketi mlangoni pa jikoni, akaninyooshea mikono akiwa pale pale chini, akasema yuko salama kabisa. Nikamwekea mjukuu mapajani, nikamwacha ambusu mpaka atosheke. Kisha nikamchukua mtoto, nikarudi nyuma hatua chache, nikamwambia, "Mama, naomba uinuke. Nataka nikuone unavyotembea."