Amplifaya ya Kumsikilizia Baba

Ninyi mlioegesha magari hapo nje ya kanisa, leo naanza na ninyi. Nani ana gari lile ambalo ukiliwasha tu, redio inakusalimia Kijapani? Enhe, naiona mikono. Inakusalimia, nawe unaitikia ahsante, na hujui kama imesema karibu au imesema mafuta yamekwisha. Sasa mtu ninayetaka kuwasimulia alikuwa nalo la namna hiyo. Redio ilitoka nalo kiwandani, imejengewa humo humo kwenye dashibodi, inashika stesheni mbili, na ukiipandisha sauti kidogo inaanza kukwaruza kama mtu anayekwangua ukoko.

Miaka mitatu redio hiyo haikumkosesha usingizi. Hakuwa mtu wa muziki. Lakini Jumatatu moja asubuhi akalipeleka gari kwa fundi wa redio za magari, akasema, "Dada, naomba unifungie amplifaya."

Ndiyo, fundi alikuwa mwanamke, msigeukiane hivyo. Alikuwa na banda lake la bati karibu na kituo cha mafuta, na kwa kazi hiyo alikuwa hashikiki. Akafungua mlango, akaiwasha redio, akaisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Unapenda besi, kaka? Maana wanaokuja hapa wengi wanataka vioo vitetemeke."

"Sitaki besi. Nataka kusikia maneno ya mtu."

"Mtu gani?"

"Baba yangu."

"Anatangaza redioni?"

"Yuko kaburini, dada."

Fundi akaweka bisibisi chini. Nanyi naona mmetulia sasa. Mnajiuliza mtu wa kaburini na amplifaya wapi na wapi, sivyo? Subirini.

Baba wa mtu huyu alikuwa ameugua muda mrefu. Siku moja akajisikia ana nguvu kidogo, akawaita watoto wake watatu, akasema ana neno na kila mmoja. Binti yake akawasha simu irekodi, akaiweka kitandani kando ya mto. Mzee akaanza na yule wa katikati, akamwambia habari za shamba la kule bondeni na jinsi ya kuishi na majirani. Akaja kwa binti, akambariki, akamwomba msamaha kwa jambo walilolijua wawili wao tu. Wa katikati akaondoka kwenda kukamua ng'ombe, binti akaenda jikoni kumchemshia baba maji. Chumbani akabaki mzee na mzaliwa wa kwanza, ndiye huyu mwenye gari.

Kwenye ile rekodi mzee anasikika anasema, "Na wewe, mwanangu wa kwanza." Kisha shuka likateleza, likaifunika simu. Kuanzia hapo hakuna neno. Ni mguno tu, mm, mm, mm, dakika nne nzima, mpaka binti aliporudi akaichukua simu yake. Siku tatu baadaye mzee akafariki.

Ndugu zake wakamuuliza, "Kaka, si ulikuwepo? Baba alikuambia nini?" Akajibu, "Alikuwa anaongea chini mno, sikumshika vizuri." Wala hakuwa anadanganya, ndivyo alivyokumbuka. Mtu mgonjwa, sauti imefifia, nani angemlaumu?

Lakini lilimla moyoni. Binti alimtumia ile rekodi, na kila asubuhi akienda kazini aliiunganisha simu yake na redio ya gari, akausikiliza ule mguno. Kwa nini garini? Kwa sababu nyumbani asingependa mke wake amwone analia. Najua vijana mnataka kuniuliza, mchungaji, kwani hakuwa na spika za masikioni? Alikuwa nazo. Alizijaribu mpaka masikio yakauma, na alichopata ni mm, mm, mm ya karibu zaidi. Akafika mahali akaanza kubahatisha. Leo anasema hapa baba ametaja nyumba, kesho anasema hapana, hapa ametaja jina langu. Mkewe alimkuta siku moja ameandika kwenye karatasi maneno ambayo labda baba aliyasema. Karatasi ilikuwa imejaa mbele na nyuma.

Na sasa, miezi minane baada ya mazishi, msalaba wa kaburi la baba ulikuwa unawekwa Jumamosi. Mnaujua utaratibu wetu. Ukoo mzima unakuja, wajomba, mashangazi, na kila mtoto anasimama mbele ya kaburi anasema baba aliniachia neno gani. Wadogo zake walikuwa na neno. Yeye mzaliwa wa kwanza, atakayekalia kiti cha baba, alikuwa na mguno. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona uchungu. Alijisemea moyoni kwamba redio hii ndiyo dhaifu, na ikipata nguvu, baba atasikika.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia jambo moja, nanyi mlishike. "Kaka, nitakufungia. Ila amplifaya haina macho. Ukiipa wimbo itakuza wimbo, ukiipa makelele itakuza makelele. Haichagui."

"Wewe ikuze tu," akasema yule mtu. "Kuchagua nitachagua mimi."

Akafungiwa. Redio ya kiwandani ikaachwa palepale, maana kuing'oa ni kuvunja dashibodi. Fundi akaziunganisha nyaya za spika za nyuma na kikasha kidogo, toka kikashani sauti ikaingia kwenye amplifaya chini ya kiti, toka kwenye amplifaya ikaenda kwenye spika mpya. Waya mnene mwekundu ukavutwa moja kwa moja toka kwenye betri. Jumanne jioni mwenye gari akaja, akapiga stati, akaweka rekodi, akafungulia sauti.

Jamani, alichokisikia ni nziiiii! Akikanyaga mafuta, nziiiii inapanda. Akiachia, inashuka. Baba yake amezama humo hata ule mguno hausikiki. Akashuka garini amewaka.

"Dada, umeniharibia! Umemfunika mzee wangu kabisa!"

Fundi hakubishana. Akaingiza mkono dirishani, akazima injini. Nziiiii ikakatika palepale.

"Umeona?" akasema. "Hiyo si ya mzee. Ni ya gari lako mwenyewe. Ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa ndogo." Kisha akajikagua na yeye, maana ni fundi mwaminifu. Waya wa hasi alikuwa ameufunga kwenye bodi ya gari juu ya rangi, na rangi huzuia umeme. Akaufungua, akachukua msasa, akakwangua rangi mpaka bati likang'aa, akaufunga tena. Kazi ya dakika kumi. Akashusha besi yote, akapandisha ile sauti ya katikati, ambayo ndiyo ya maneno ya watu. Akasema, "Sasa keti. Funga vioo. Mimi naenda kunywa chai."

Tuketi naye kidogo, jamani. Vioo vimefungwa. Gari kimya. Anaweka rekodi.

"Na wewe, mwanangu wa kwanza," anasema baba, sauti imejaa gari zima, hata pumzi yake inasikika. Mtoto akashika usukani kwa mikono miwili. Kisha shuka likateleza, kwaruu. Kisha ule mguno ukaanza, na safari hii haukuwa mguno. Yalikuwa maneno. Alisikia kila neno.

"Wacha wewe, ile haikuwa penalti! Hakuguswa kabisa!"

Akashtuka. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa yake mwenyewe. Miezi minane alikuwa akiililia sauti yake mwenyewe, siku ile chumbani kwa baba, akiongea na rafiki kwenye simu habari za mpira wa juzi yake.

Akaacha iendelee. Katikati ya kicheko chake akamsikia mzee, taratibu, "Mwanangu."

"Naam, baba."

"Unanisikia?"

"Nakusikia baba, sema tu." Halafu palepale, kwa sauti ya juu zaidi, "Enhe, na huyo refa alikuwa anaangalia wapi?"

Dakika nne, ndugu zangu. Timu, refa, kocha, nani auzwe na nani asajiliwe. Na mwishoni kabisa, kabla binti hajaingia na maji, mzee akasema lile neno. Lile lililoandikiwa karatasi mbele na nyuma. Mnataka kulijua?

Alisema, "Basi, maliza kwanza. Nitakuambia ukimaliza."

Hapo ndipo kumbukumbu ikamrudia yote. Alikumbuka alivyoikata simu na kumkuta baba amefumba macho. Alikumbuka alivyosema moyoni, mwache apumzike, nitakuja Jumapili. Jumapili ilipofika walikuwa wanapanga mazishi.

Fundi aliporudi na kikombe chake alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Akagonga kioo.

"Umemsikia mzee, kaka?"

"Nimejisikia mimi," akajibu.

Jumamosi msalaba ukawekwa. Wa katikati akasema neno lake, binti akasema la kwake, watu wakafuta machozi. Ikafika zamu ya mzaliwa wa kwanza. Angeweza kuchagua moja kutoka kwenye ile karatasi, maana yalikuwepo mazuri mle na hakuna ambaye angejua. Lakini alisimama akasema, "Mimi baba alikuwa na neno langu. Aliniambia nimalize kwanza. Nilipomaliza, sikumuuliza." Akaketi.

Sasa sisi. Tusimcheke mtu huyu, maana mimi ninayewasimulia nimeshika simu asubuhi ya leo mke wangu akiniambia jambo, nikamwitikia mmm, na hivi ninavyosimama hapa sijui alisema nini. Mama mchungaji, nisamehe, mbele ya watu wote hawa.

Mara ngapi tumekuja madhabahuni tukasema, Mungu, mbona umenyamaza? Mbona wengine unawapa neno na mimi hunipi? Tukadhani tatizo ni udhaifu wa chombo. Tukatafuta mkutano mkubwa zaidi, mhubiri mwenye sauti nene zaidi, spika kubwa zaidi, tena hizi hapa tulizochangia mwaka jana zinatikisa madirisha ya shule ya jirani. Tumeomba Mungu aongeze sauti. Je, kama akiongeza, tutasikia nini? Si tutajisikia wenyewe, tunamwitikia nakusikia Baba, sema tu, na palepale tunageukia refa?

Nami nawaambia kwa upendo, inawezekana Mungu hajatunyima neno. Inawezekana anatungoja tumalize. Yeye ana subira, na milele ni yake, anaweza kungoja.

Lakini wazazi wetu hawana milele ya kutungojea. Kuna mtu hapa, mama yake alianza kumwambia kitu wiki hii, akaona macho ya mwanawe yako kwenye kioo cha simu, akasema, "Basi, tutaongea." Kuna baba hapa, mtoto wake alisimama mlangoni akiwa na jambo linalomtisha, akaambiwa ngoja, na mpaka leo anangoja. Unadhani hawakukuambia. Walikupa nafasi umalize, ukamaliza, ukaenda zako.

Kwa hiyo leo ibada ikiisha, utaratibu wetu wa kupeana mikono mlangoni tunaubadilisha. Ambaye anamjua mtu anayemngoja amalize, asije kwangu. Apite mlango wa pembeni, aende nyumbani, amwambie, "Nimemaliza. Ulitaka kuniambia nini?" Kama ana hasira atakuambia hakuna kitu. Usiondoke, kaa hapo hapo.

Mimi nitabaki hapa mbele na wale ambao, kama yule ndugu, hawana tena wa kumwendea. Ninyi njooni, tukae pamoja. Wengine nendeni, mngali mnaye wa kumuuliza.