Pumba za Ng'ombe Aliyekauka

"Elfu nane kwa vidonge," alisema mfugaji mmoja, na noti zenyewe kazikunja kiganjani. "Elfu nane, mama watoto. Mtoto si ameshapona?"

"Mtoto hakuwahi kuumwa," mkewe akamjibu. "Mwenye ugonjwa ni mimi."

"Wewe? Wewe unayebeba debe la maji kichwani bila kulishika?"

Walikuwa wamesimama mlangoni pa banda la ng'ombe, asubuhi, yeye na panga la kukatia majani, mkewe na fagio. Ng'ombe wa maziwa walikuwa naye mmoja tu. Ndiye aliyewalipia ada, ndiye aliyewaezekea nyumba.

Yule mama alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Mumewe alipimwa mara mbili, akakutwa hana. Na tumpe haki yake, mtu huyo hakuwa mbaya. Wakati wa mimba alimsindikiza mkewe zahanati. Wakati wa kunyonyesha alimkumbusha kidonge kila jioni, tena alikuwa hali chakula mpaka amwone amekimeza. Mtoto alipotimiza mwaka na nusu, ameshaachishwa ziwa, kipimo cha mwisho kikaonyesha hana virusi. Baba akachinja jogoo. Nesi akafunga kadi ya mtoto, akampa mama barua: kuanzia sasa dawa zako utachukulia hospitali ya wilaya, kliniki ya watu wazima. Kwenda na kurudi ni elfu nane.

Hebu fikirini safari yenyewe. Zahanati alikuwa akienda na mtoto mgongoni, anakaa benchi moja na waliokuja kupima uzito, na hakuna aliyemuuliza kitu. Sasa aende peke yake, akakae kwenye benchi ambalo kila apitaye anajua ni la nini, na nauli yenyewe aombe. Nani kati yetu angeomba mara mbili?

Yeye aliomba mara mbili. Hii ya bandani ndiyo ilikuwa ya pili.

"Hizi ni za pumba," mume alisema.

"Pumba za nani? Ng'ombe si amekauka? Mwezi wa pili huu hatujaonja hata kikombe."

Mume akacheka. Hapo alikuwa amefikishwa kwenye somo lake. "Ndiyo kosa la wasiojua kufuga. Maziwa yakikatika wanamtupia mabua. Bwana mifugo ametufundisha, ng'ombe mkavu ndiye wa kulishwa. Amekamuliwa miezi kumi, mwili umekwisha, na wewe kwa macho huoni. Ukimwacha sasa, siku moja ataanguka humu humu bandani. Na akishaanguka hasimami, hata mje wanaume sita."

"Kwa hiyo hakupi kitu, na unamlisha."

"Namlisha kwa sababu ni wangu."

Mkewe akamtazama. Akamtazama na ng'ombe. Kisha akainama, akaendelea kufagia samadi. Mume akaona amemshinda kwa hoja. Akaenda dukani, akarudi na gunia begani, anapiga mluzi.

Kopo la mwisho la dawa liliisha wiki ile ile. Mume hakujua. Tangu mtoto aachishwe ziwa hakuuliza tena habari za kidonge cha jioni.

Ng'ombe akazaa ndama jike, akatoa maziwa kuliko mwaka uliotangulia. Bwana mifugo akaleta wafugaji wengine waje kujifunza. Mwaka ukapita. Mama akaanza kukonda, akasema ni kazi. Akakohoa, akasema ni moshi. Debe la maji akawa analishika kwa mikono miwili, halafu likawa nusu debe, halafu ikawa ndoo ndogo ya mtoto. Mume aliona. Alimwambia apumzike.

Siku moja alirudi na mzigo wa majani akamkuta bandani, ameanguka kando ya hori, maziwa yamemwagika chini. Akamshika kwapani amsimamishe. Hakusimama. Akamwinua mikononi, na hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu gunia la pumba lilikuwa zito kuliko yeye.

Gari la kukodi lilimgharimu ndama. Hospitalini daktari akamuuliza, "Aliacha dawa lini?"

"Mara ya mwisho kumwona akimeza ni mtoto alipoacha kunyonya," mume akajibu.

"Nani alimwambia aache?"

"Hakuna aliyemwambia."

Mkewe akafumbua macho pale kitandani. Akasema neno moja tu, kwa sauti ndogo. "Nilikauka, baba watoto."

Mume akalitambua neno. Somo lile alikuwa amelifundisha mwenyewe, mlangoni pa banda, huku anacheka.

Naona mnanitazama. Mnataka kujua kama alipona. Sitawaambia. Mkisikia amepona mtashusha pumzi, mkisikia amekufa mtatoa rambirambi, na yote mawili mnayajua sana. Wala msianze kumlaani yule mume. Ni mimi, ni ninyi. Hapa kwetu, mtoto kama huyo alipotoka salama, Jumapili ile sisi hatukupiga vigeregere humu kanisani? Hatukumnyanyua juu, tukaleta kanga na sabuni? Kikundi cha akina mama si kilikuwa kinatoa nauli kila mwezi, mpaka siku ya kipimo cha mwisho? Basi niambieni, tangu Jumapili ile nani amemuuliza mama yake, dawa unazo? Wewe? Wewe mzee wa kanisa? Mimi mchungaji sijamuuliza, na nasema mbele yenu.

Tulimlisha kwa sababu ya maziwa. Yalipokatika, tukamtupia mabua. Dawa hizi ni za kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Zinamlinda yeye, zinamlinda mumewe, zinamlinda na mtoto atakayefuata. Mtu aliyetoka kubeba mimba na kunyonyesha mwaka mzima tunamwambia kazi yako imekwisha, nenda. Hata bandani hatufanyi hivyo.

Na msigeuze shingo kutazama ni nani mwingine. Simtaji mtu. Wako wengi kuliko mnavyodhani, na wengine wamekaa benchi moja na wewe, wameshona sare moja na wewe.

Leo sihubiri upendo. Upendo mnaujua kuuimba. Kikapu kiko hapa mbele, na fedha itakayoingia msiiandike sadaka, iandikeni deni, maana tulianza kumlipia tukaishia njiani. Mhazini atampa kila mama mwenye safari hiyo kimya kimya, bila kuita jina, bila kuuliza mtoto yuko wapi.

Elfu nane, kwenda na kurudi. Lipeni.