Simu ya Saba Haijibu

Hii imenifikia asubuhi, nikaona nisiikalie peke yangu.

Fundi Mahfudhi alikuwa hoi. Siku tatu mfululizo alikuwa akiandaa simu arobaini za wahudumu wa afya wa vijijini, kila moja akiitia orodha ya watoto wa chanjo. Gari lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Simu isiyo na orodha ingebaki, na kijiji chake kingengoja mpaka mwezi ujao.

Vidole vilipokataa, akaziunganisha zote kwa waya kwenye kompyuta, akaandika programu ya kuziamuru. Alizilaza kifudifudi, maana mwanga wake ulimuumiza macho. Programu ikaiamuru simu ya kwanza, ikangoja jibu, ndipo ikaenda ya pili. Ilipofika ya saba, kimya. Thelathini na tatu zilizobaki zikapanga foleni bure.

Akaandika upya. Safari hii programu ilituma amri kwa zote, bila kuingoja hata moja. Kila simu ingejibu ikiwa tayari. Kwani mama lishe hufanyaje? Wali uko jikoni, yeye anakata mboga. Ndani ya dakika kumi, simu thelathini na tisa zilikuwa zimejibu.

Ya saba, kimya vilevile. Akabadili waya, akatuma tena mara tano. Wapi!

"Kaidi mkubwa wewe!" akaifokea.

Ikawa saa nane kasorobo. Mwenye simu ile, mhudumu Bi Mwanaidi, alikuwa kwenye benchi tangu alfajiri.

"Mama, simu yako mbovu. Nisamehe, nimechoka. Watoto wa kijiji chako watangoja."

"Wamengoja miezi miwili, mwanangu. Hebu nami niione."

Akaigeuza, akasogeza miwani, akasoma polepole: "'Je, unairuhusu kompyuta hii?' Kuna ndiyo na hapana. Nibonyeze ipi?"

Mahfudhi akakumbuka. Zile nyingine alikuwa ameziruhusu kwa mkono wake mwenyewe alipoziunganisha; hii aliiruka. Asubuhi nzima alikuwa akiitukana, nayo inamngoja yeye. Aliona haya mpaka akainamisha kichwa.

"Ndiyo, Mama. Bonyeza ndiyo."

Orodha ikaingia dereva akiwa ndiyo kwanza anawasha gari.

Funzo: Kabla hujamlaumu anayekuchelewesha, mtazame usoni, huenda ni yeye anayekungoja wewe.