Moshi wa Ziwani Usio na Moto

Enzi zile usubi, wale wadudu warukao walio wadogo kuliko mbu, ulikuwa haujajulikana katika ziwa letu. Moshi ulikuwa moshi tu: ukiuona, chini yake pana moto na mtu. Hivyo ndivyo Tupokigwe na mdogo wake Sekela walivyojuliana hali. Sekela aliolewa ng'ambo ya majabali, kule ambako milima inatumbukia majini na hakuna njia ya miguu. Siku anaondoka alimwambia dada yake, "Nitachoma majani mabichi kila asubuhi. Ukiona moshi, ujue nimeamka salama."

Kwa miaka mingi Tupokigwe, aliyekuwa mfinyanzi, hakugusa udongo kabla hajauona moshi ule. Kisha masika moja mlima ukameguka. Asubuhi moshi haukuonekana, wala kesho yake.

Akaingia katika mtumbwi wake mdogo, peke yake, akaambaa na majabali. Kila penye kighuba alitua, akachoma majani, akangoja ajibiwe. Hakuona moshi wowote. Alipofika kwa shemeji yake alikuta kifusi kimeshuka hadi majini, na mzee mmoja akifukua mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Waliopona walihamia kusini," mzee alimwambia. "Nani na nani, sijui. Lakini rudi, mwanangu. Huko mbele ni jiwe tupu, hakuna pa kutua wala pa kuwashia moto."

"Basi nitauwasha ndani ya mtumbwi, baba."

Akapakia chungu kikubwa, majani na makaa, akaenda. Mzee aliutazama moshi ukisogea juu ya maji mpaka upepo mkali ulipovuma. Mtumbwi haukuonekana tena. Lakini moshi haukutoweka.

Sekela alikuwa hai. Huko kusini alichoma majani kila asubuhi, lakini milima iliuficha moshi wake. Siku hiyo, mtoto mgongoni, aliona moshi ukija kutoka katikati ya ziwa. Akakimbilia majini akiita, "Dada! Dada, nipo huku!" Moshi ukamjia, ukamfunika, ukatua mabegani mwake. Haukuwa na joto wala harufu. Ulikuwa usubi, mwingi kuliko mchanga. Sekela hakuupangusa. Alisimama nao hadi jua likawa kali, kisha akaukusanya kapuni, akaukanda, akauoka, kwa kuwa hakuona namna nyingine ya kumkaribisha dada yake ndani.

Na tangu siku hiyo, wajukuu zangu, ziwa letu hufuka moshi usio na moto. Ukifika ufukweni tunaukinga kwa makapu, tunaoka mikate. Mkate wa kwanza hatuuli. Tunauweka juu ya jiwe karibu na maji, na kila mmoja wetu anajua moyoni ni wa nani.