Mkunga Aliyepigiwa Ngoma

Wenzangu mliojifungua na mnaotarajia, isomeni hii yote, msiishie katikati.

Palikuwa na mji wenye ngoma kubwa ya kifalme, na ngoma hiyo haikupigwa ila kwa marehemu aliyetukuka. Aliye hai hakupigiwa, eti anaweza kuharibu baadaye.

Mkunga alikuwa mmoja tu mji mzima, Bi Siwema. Akashikwa na homa, homa kali, hata kikombe hawezi kushika. Jirani yake Tausi, mimba imeshafika mwezi wake, akaenda hivyo hivyo na tumbo lake mpaka kwa mfalme.

"Mfalme wangu, nipe tabibu wako. Bi Siwema anakufa!"

"Siwema ndiye nani?"

Mzee wa baraza akamnong'oneza, "Ndiye aliyekupokea, Mfalme, ulipozaliwa ukitanguliza miguu."

Mfalme akatokwa na machozi. "Kumbe! Basi atapigiwa ngoma, atajengewa kaburi la mawe. Waiteni waashi!"

"Lakini bado yu hai! Mimi nataka tabibu."

"Binti, huna shukrani? Nani katika mtaa wenu amewahi kupewa heshima hiyo?"

Watu wakacheka. "Mimba imempanda kichwani huyu!"

Basi wakaja waashi. Tabibu naye akapewa kazi, kazi ya kutunga sifa za marehemu, na marehemu mwenyewe bado anapumua.

Bi Siwema akasikia mawe yanachongwa nje ya dirisha lake. "Wanajenga nini, mwanangu?"

"Kisima, bibi," Tausi akamdanganya.

"Afadhali. Nina kiu."

Akafa siku ile ile.

Ngoma ikatolewa uwanjani, watu wakajaa. Hapo hapo uchungu ukamshika Tausi. Akaanguka, akapiga kelele, na ngoma inameza kelele zake, hakuna anayesikia, mpaka mfalme mwenyewe alipoona damu ndipo akainua mkono.

"Mwiteni mkunga! Upesi!"

Wanawake wakatazamana.

Bibi mmoja akasema, "Mkunga ndiye huyo unayempigia ngoma, Mfalme."

Tausi alikufa pale pale mavumbini, na kichanga chake hakikulia.

Mfalme akajifuta machozi, akawageukia wapiga ngoma. "Endeleeni. Na huyu naye mpigieni, alikuwa jasiri."

Funzo: Ukimthamini mtu, mpe dawa akiwa mgonjwa na maji akiwa na kiu, maana heshima unayomwekea mpaka afe haimponyi yeye, wala haimwokoi aliyekuwa akimtegemea.