Mwalimu Otmari na Nyimbo za Kwaresima

Imepokewa kwa wazee wetu wa imani kwamba zamani, kanisa likiwa bado la udongo na nyasi, katika misheni moja ya Ufipa palikuwa na mtu mcha Mungu aitwaye Otmari, mwalimu wa kwaya. Padri alimwachia kazi ya kuchagua nyimbo za ibada kwa mwaka mzima wa Kanisa, naye akaifanya kwa unyenyekevu. Majilio aliwaimbisha watu nyimbo za kungoja, Noeli nyimbo za furaha. Kwaresima ilipoingia alizifunika ngoma kwa kitambaa, na Aleluya haikusikika tena mpaka Pasaka.

Mwaka mmoja homa kali iliingia kijijini pamoja na Kwaresima. Jumatano ya Majivu Otmari aliimbisha wimbo wa mwanadamu kurudi mavumbini, na kabla ya Jumapili akafariki mzee aliyezoea kuketi mbele kabisa. Watu wakatazamana. Jumapili wimbo ulikuwa wa kupita katika bonde la giza, na juma hilohilo akafa mtoto wa Gaudensia, mwimbaji hodari wa sauti ya pili.

Makaburini Otmari alipofungua kinywa kuanzisha wimbo, Gaudensia aliinua mkono.

"Nyamaza, Mwalimu. Umekwisha kuimba vya kutosha."

Mtoto akazikwa bila wimbo, na mama yake hakudondosha hata chozi. Baadaye, kisimani, aliwaambia wenzake, "Nyie mnadhani yule anaimba? Yule anaita. Anamwita mtu, na mtu anakwenda."

Tangu hapo dhana mbaya ikawaingia waumini. Hata nyimbo za miaka iliyopita zilichambuliwa upya: ule wa mwaka juzi, je, si ndio ulioimbwa shemeji wa fulani akaanguka shambani? Kanisani akina mama waliwaziba watoto masikio. Njiani watu waliitikia salamu ya Otmari wakiwa wameshampita. Waimbaji waliacha mazoezi mmoja mmoja, na waliobaki walimwangalia midomo kabla hajatamka neno. Padri aliwaonya, lakini shaka haikuwatoka.

Ndipo Mzee Kapele, mkubwa wa baraza la kanisa, akaja nyumbani kwa Otmari.

"Mwalimu, sijaja kukushitaki. Jumapili hii tuimbie Aleluya, ngoma zipigwe, watu watulie."

"Mzee wangu, Aleluya ni ya Pasaka. Tukiitoa leo kwa sababu ya woga, Pasaka tutaimba nini?"

Mzee Kapele akainuka. "Mbona unazishikilia hivyo nyimbo hizi za vifo? Una nini nazo?" Akaondoka bila kuaga.

Juma Kuu lilipofika, homa ikamshika Tekla, binti pekee wa Otmari. Habari zikaenda mbio, na pamoja nazo maneno: Ijumaa Kuu kuna wimbo wa Mama akimlilia Mwanawe chini ya msalaba. Sasa tutaona. Akiuacha, ujue alikuwa anajua nguvu yake siku zote.

Asubuhi ya Ijumaa Otmari alikaa kando ya kitanda cha mtoto. Akamwambia mkewe Skolastika, "Mama Tekla, nisikufiche. Na mimi nimeanza kuuogopa wimbo huu."

Skolastika alikuwa akimkanda mtoto kwa maji. Hakugeuka. "Baba Tekla, ukiuacha leo kwa ajili ya huyu, utakuwa umemwambia Gaudensia kwamba kweli ulimwulia mwanawe. Nenda kaimbe. Mimi niko naye."

Otmari akaenda. Kanisa lilijaa, si kwa ibada tu, bali kwa kumchungulia. Akasimama mbele ya kwaya, akasema, "Ndugu zangu, binti yangu ni mgonjwa sana, nami naogopa kama ninyi. Lakini sijui wimbo unaoua. Siku hii ina wimbo wake, nami nitauimba."

Akaanza peke yake. Kwaya ilinyamaza. Ubeti wa kwanza ukapita. Katika ubeti wa pili, pale Mama anapoomba ampakate Mwanawe mara moja tu, sauti ilimkatika, akashindwa kuendelea.

Ndipo sauti ya pili ikasikika kutoka nyuma, chini chini, ikiuchukua ubeti pale ulipoachwa. Alikuwa Gaudensia. Machozi yaliyogoma makaburini yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta. Aliimba kama mtu anayemzika mwanawe upya, safari hii kwa heshima. Mzee Kapele akainamisha kichwa, na kwaya ikaingia.

Homa haikukoma siku ile. Wengine walikufa, wengine walipona. Tekla aliamka kabla ya Pasaka, akaomba uji. Aleluya ilipoimbwa na ngoma kufunuliwa, wanawake walipiga vigelegele wakisema, "Wimbo wa Mwalimu umemponya mtoto!"

Otmari akawanyamazisha kwa upole. "Msiseme hivyo, mama zangu. Gaudensia yuko hapa anasikia. Kama wimbo ulimponya wangu, wa kwake tutasema aliuawa na nini?"

Tangu siku ile hakuna aliyelirudia neno lile.

Waumini wapendwa, hofu ikiingia katika nyumba ya Mungu hutafuta mtu wa kumlaumu, na mara nyingi humpata yule anayelia pamoja nasi. Mwenyezi Mungu atujalie subira ya kuimba kila wimbo katika majira yake, na macho ya kumtazama jirani bila dhana mbaya.