Taulo Kavu

Ndugu zangu, leo nawapeleka baharini, na najua nusu yenu hamjui kuogelea. Msiogope, mtalowa kidogo tu.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyechoka na watu. Si kwamba walimkosea sana. Alichoka tu na simu, na vikao, na michango ya harusi, na shangazi anayeuliza kila Krismasi ataoa lini. Likizo ilipofika akapanda ndege ndogo peke yake mpaka visiwa vya mbali, akajiandikisha kwenye boti inayowapeleka wageni kisiwa hadi kisiwa wakazamie na mitungi ya hewa mgongoni, watazame samaki na matumbawe. Alikuwa na miwani yake, mapezi yake ya miguuni, na cheti cha kumruhusu kuzamia bila mwenzi. Wengine wote walishuka majini wawili wawili, huyu akimchunga huyu. Yeye akasema, kwa adabu kabisa, kwamba mwenzi angemchelewesha.

Sasa boti ile ilikuwa na desturi yake. Karibu na ngazi palitundikwa ubao, na kwenye ubao kila mtu alikuwa na kibao kidogo chenye jina lake, upande mmoja mweupe, upande wa pili mwekundu. Ukishuka majini unakigeuza kiwe chekundu. Ukirudi unakigeuza kiwe cheupe, kwa mkono wako mwenyewe. Kiongozi wa wazamiaji akiona ubao mzima ni mweupe, nanga inang'olewa.

Siku mbili za kwanza bwana huyu alichelewa kutoka majini, na mara zote mbili kiongozi aligonga chuma kwenye ngazi, ngo, ngo, ngo, mpaka akapanda. Alikereka. Mtu mzima anaitwa kama mbuzi! Siku ya tatu akangoja wenzake wote washuke, kisha akashuka wa mwisho, akakiacha kibao chake kikiwa cheupe vilevile. Aliwaza kwamba wakidhani amesharudi hakuna atakayemgongea chuma, naye atapanda polepole wakiwa wanakula, maana siku zote mbili walikula palepale kabla ya kuondoka. Kumbe asubuhi ile nahodha alitangaza kwamba chakula kitaliwa kisiwa kinachofuata. Bwana wetu hakusikia, alikuwa amejiziba masikio kwa muziki wake.

Akazunguka upande wa pili wa mwamba wa matumbawe, mbali na wenzake. Huko chini palikuwa pazuri jamani, nisiwadanganye. Samaki wa njano makundi kwa makundi, kasa mzee anapita bila habari na mtu. Muda ukayoyoma. Kisha ikaja sauti ya mnyororo wa nanga ukivutwa, halafu mashine ikawaka. Chini ya maji sauti haina upande. Inatoka mbele, nyuma, na ndani ya kichwa chako mwenyewe. Akageuka huku, akageuka kule. Mashine ikafifia, na pakawa kimya kiasi kwamba alisikia pumzi yake tu, ikitoka kwa nguvu na kuingia kwa nguvu. Alipotazama juu, pale palipokuwa na kivuli cheusi cha boti palikuwa na mwanga mtupu.

Akapanda kama walivyofundishwa, polepole, ingawa moyo ulitaka kutangulia. Akatoa kichwa. Hakuna boti. Bahari imetulia, jua la saa saba linawaka, na hakuna chochote popote isipokuwa fungu la mchanga ambako asubuhi walishuka wote kunyoosha miguu. Akaogelea mpaka huko, akatua mtungi wake uliokuwa karibu kwisha, akakaa.

Mchangani zilikuwepo nyayo za wenzake. Hapa walisimama kupiga picha, hapa mmoja aliruka akaanguka wakamcheka, na zake yeye zilikuwa kule pembeni, njia ya mtu mmoja. Akasikia mtu anakohoa nyuma yake. Akageuka haraka. Hapakuwa na mtu, na alipogeuka tena, nyayo za ukingoni zilikuwa zimekwisha kufutika. Maji yalikuwa yanajaa.

Ndipo alipoogopa kweli. Koti lake la kuzamia lingemfanya aelee, hilo alilijua. Lakini mkondo ulikuwa unakwenda bahari kuu, na mchanga ule ukishafunikwa, miguu haitakuwa na pa kukanyaga, na huko mkondo utakakompeleka hakuna anayepita. Alikuwa na muda wa saa mbili hivi. Maji yakamfika kwenye vifundo, yakamfika magotini.

Mungu ana huruma, ikatokea boti ndogo ya mashine. Watu wawili wamepakia magodoro ya nyumba ya wageni, hata kuonana wanaonana kwa shida. Wakapita karibu kabisa, mmoja akapunguza mashine akapaza sauti.

"Kwema, kaka?"

"Kwema tu!"

"Una wenzio?"

"Wapo, wanakuja!"

Wale wakainua mikono, wakaenda na magodoro yao.

Naona mnacheka. Hata yeye alitaka kucheka. Mdomo ulijibu kabla hajajua, maana tangu akiwa mtoto kila aliyemwuliza kwema alimjibu kwema, siku ya njaa na siku ya msiba. Na aibu nayo ilikuwepo. Mtu mwenye cheti na vifaa vya bei ile, aseme nimesahaulika, nichukueni? Alipofungua kinywa kuita, boti ilikuwa imefika mbali na mashine ilikuwa inanguruma. Aliita. Aliita mpaka sauti ikakwama, kisha akalia kwa sauti kama mtoto, maji yakiwa mapajani.

Na kule kwenye boti yao? Haya aliambiwa baadaye, na mpaka leo akiyakumbuka anasisimka mwili. Kiongozi alitazama ubao, akauona mweupe. Hata hivyo akauliza kama wote wapo. Mama mmoja akasema wapo, hata yule mpweke yuko nyuma pale, amejifunika taulo kichwani. Kijana mwingine akasema ndiyo, nimemsemesha, ameitikia. Hawakuwa waongo wale. Ubao ulishawaambia yupo, nao wakamwona. Sasa niambieni, walimsemesha nani?

Aliyegundua ni mpishi. Boti ilipokuwa inakaribia kisiwa kinachofuata alibeba sahani ya bwana yule mpaka kiti cha nyuma. Kiti kitupu. Taulo limekunjwa vizuri, kama lilivyokunjwa asubuhi. Akalishika, akarudi mbio kwa kiongozi, naye kiongozi akamwonyesha ubao.

"Kibao chake cheupe. Atakuwa msalani."

"Mimi na vibao wapi na wapi," mpishi akasema. "Taulo la mtu aliyetoka baharini haliwi kavu. Geuzeni boti."

Wakageuza. Walimkuta kwenye mchanga ambao haukuonekana tena, maji shingoni, amesimama kwa ncha za vidole. Na mnajua alifanya nini alipowaona? Alijitengeneza uso. Akafungua mdomo kuanza, "Mimi sijam..." Mpishi alikuwa ameshainama ubavuni mwa boti, amenyoosha mkono.

"Sijakuuliza," akamwambia. "Lete mkono."

Basi, ndugu zangu, tumetoka baharini. Jifuteni maji, tuzungumze.

Sisi ni mabingwa wa vibao vyeupe. Tunaingia mlango huu tumepiga pasi, tunapeana mikono, hamjambo hatujambo, Bwana asifiwe amina, na nyuma ya shati lililopigwa pasi mtu anasimama kwa ncha za vidole. Hakuna aliyemlazimisha. Alikiacha cheupe mwenyewe asije akagongewa chuma. Tena mnajua, na mimi najua, kwamba akiulizwa mara moja tu atasema kwema.

Lakini leo sina ugomvi na yeye. Nina ugomvi na kiongozi wa boti, yaani mimi. Kila Jumapili nasimama pale mlangoni nahesabu mikono niliyoishika, narudi nyumbani nimeridhika. Alhamisi iliyopita mimi na wazee wa kanisa tulikuwa tunapitia majina, tukafika kwa ndugu mmoja. Nikauliza, huyu hajambo? Watatu wakanijibu, hajambo, alikuwepo Jumapili. Mmoja akaniambia hata rangi ya koti alilovaa. Nami nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu hata mimi nilimwona. Naapa nilimwona, mstari wa nne, karibu na dirisha.

Jana nilipita kwake kwa jambo jingine kabisa, nilikuwa natafuta mtu wa kurekebisha kinanda. Nikabisha hodi mpaka nikachoka. Alipofungua sikumtambua. Ana wiki tisa hajaingia humu. Wiki tisa! Mke aliondoka na watoto mwezi wa tatu, na tangu hapo hajasemeshwa na mtu yeyote kati yetu, ila akikutana nasi sokoni tunamwuliza hujambo naye anasema sijambo. Nilipomwuliza habari aliniambia nzuri, mchungaji, karibu ndani. Ndani hapakuwa na kiti hata kimoja, ameviuza.

Yuko hai, ninyi msiogope. Nililala kwake sakafuni mpaka asubuhi. Nimemwacha na mzee mmoja wa kanisa ili nije niwaambie haya, na nikimaliza narudi. Ibada ya leo ni fupi, sadaka tutatoa wiki ijayo. Mwenye gari awashe, na asiye na gari aje nami kwa miguu, si mbali.